Kuzungumza na mtoto asiyejua kusema: mwongozo kwa walezi wa Mtwara na Lindi

Maswali ni yaleyale kila siku ya kliniki. Mwanangu ana miezi 8, mbona hasemi? Tumzungumzishe Kimakonde, au tusubiri kwanza ashike Kiswahili? Nikimwekea katuni kwenye simu atawahi kusema? Bibi yake anataka akatwe kimeo, nifanyeje? Majibu nayaweka hapa pamoja, ili anayeuliza asome na anayeulizwa apumzike.

Shika jambo moja kabla ya yote. Mtoto anapotamka neno la kwanza, kwa kawaida akikaribia mwaka mmoja au akiupita kidogo, kujifunza lugha kumeshaanza zamani. Muda wote huo alikuwa anasikiliza, anapambanua sauti, anakumbuka, na anaangalia nani humjibu. Kwa hiyo hapa hutajifunza kumfundisha kusema. Utajifunza kuzungumza naye wakati yeye bado hana la kujibu.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Hakuna cha kununua. Ukiambiwa kuna kifaa au programu ya simu ya kumfanya mchanga awahi kusema, fedha hiyo nunua mayai.

- Kadi ya kliniki na tarehe halisi ya kuzaliwa. Kama ni njiti, tafuta pia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na kwa miaka 2 ya kwanza hesabu hatua zake kuanzia tarehe hiyo. Mtoto wa miezi 8 aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati mtazame kama wa miezi 6. Wazazi wengi wanahangaika bure kwa kusahau hesabu hii.
- Orodha ya watu wanaoshinda naye na lugha ambayo kila mmoja anaimudu kwelikweli. Bibi Kimakonde, baba Kiyao, mama Kiswahili, dada wa kazi Kimwera: andika hivyohivyo ilivyo.
- Nyakati za kimya ndani ya siku, redio na runinga zikiwa zimezimwa. Si lazima siku nzima.
- Vitu vichache vya kushika: kijiko cha mbao, kikombe cha plastiki, kipande cha khanga. Korosho zisiwemo. Ganda bichi lina mafuta yanayounguza ngozi, na punje yenyewe humkaba mtoto mdogo. Mbaazi kavu nazo ziwe mbali naye.

Hatua ya 1: Anza akiwa bado tumboni

Masikio ya mtoto huanza kufanya kazi mimba ikiwa na miezi kama 6. Maneno hayamfikii waziwazi, lakini mdundo wa usemi unamfikia, na sauti ya mama humfikia kuliko zote kwa kuwa inapita pia mwilini mwa mama mwenyewe. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walieleza walivyowapa vichanga wa siku zisizozidi 3 chuchu ya bandia iliyounganishwa na mashine ya sauti. Akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake. Akibadili mwendo, anasikia ya mwanamke mwingine. Vichanga wakaelekea kunyonya kwa mwendo unaoleta sauti ya mama.

Kwa mjamzito, cha kufanya ni kidogo sana: ongea kama unavyoongea siku zote. Usibandike spika wala simu tumboni. Sauti yako inatosha, na haiishi chaji.

Hatua ya 2: Hakikisha anasikia

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo ningependa kila nyumba ianze nayo. Mchanga mwenye usikivu mzuri hushtuka mlango ukipigwa kwa kishindo, na mara nyingi hutulia akisikia sauti anayoijua. Akiwa na miezi 3 au 4 huanza kugeukia sauti, na akifika miezi 6 anageuka vizuri zaidi.

Jaribio la nyumbani hufanywa hivi. Mtu mwingine ampakate mtoto, akiwa ameamka, ameshiba na hajasinzia. Wewe simama nyuma yao, upande mmoja, mahali asipokuona. Mwite kwa sauti ya kawaida, au gonga kijiko kwenye kikombe. Subiri. Kisha rudia upande wa pili. Angalia kama anageuka, ananyamaza, au anafumbua macho zaidi.

Angalia usijidanganye. Ukipiga meza anayoiegemea, atahisi mtikisiko, hata kama hakusikia kitu. Ukipunga mkono, atahisi upepo au ataona kivuli. Na kosa kubwa kuliko yote ni kusema "huyu anasikia, mbona anatoa sauti?" Watoto viziwi nao hutoa zile sauti za mwanzo za "aa" na "guu". Tofauti huja kuonekana baadaye, silabi za "ba-ba-ba" zinapotakiwa kuanza nazo haziji.

Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo. Ukipata shaka, nenda zahanati, na usimsubirishe mtoto mpaka afike miaka 2.

Hatua ya 3: Kila mmoja azungumze lugha anayoimudu

Hapa ndipo penye ubishi katika nyumba zetu. Mikoa hii ina Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua, Kingindo, Kimatumbi na Kimachinga, na nyumba nyingi zina lugha mbili au tatu chini ya paa moja. Kisha anatokea mtu mzima anayetoa amri: mtoto asisikie kilugha, kitamharibia Kiswahili. Basi bibi, ambaye ndiye anayeshinda naye Newala au Tandahimba huko mama akiwa shambani, ananyamaza au anababaisha maneno machache ya Kiswahili asichokizoea. Mtoto anapoteza vyote viwili.

Hofu hiyo haina msingi. Mwaka 2010 ulitoka utafiti uliofanyika Kanada kwa vichanga ambao mama zao walikuwa wakizungumza Kiingereza na Kitagalogi, lugha ya Ufilipino, wakati wa ujauzito. Vichanga hao walivutiwa na lugha zote mbili, na bado waliweza kuzitenganisha. Wanatofautisha kwa mdundo kabla hawajajua hata neno moja. Kwetu mdundo unatofautiana pia: Kimakonde na Kiyao ni lugha za toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno; Kiswahili si lugha ya toni.

Kuna sababu nyingine ya kutomnyamazisha bibi. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hadi 8 waliokulia kwenye Kiingereza walitambua tofauti za sauti za Kihindi na za Kinthlakampx, lugha ya wenyeji wa Kanada, ambazo watu wazima wa kwao hawazisikii. Kufikia miezi 10 hadi 12, wengi wao hawakuzitambua tena. Sikio lilikuwa limeshajipanga kufuata lugha linayoisikia kila siku. Si kwamba akikua hawezi kujifunza lugha nyingine. Anaweza, ila kwa jasho zaidi. Kwa hiyo ukitaka mjukuu ajue Kimwera, aanze kukisikia sasa. Usimsubirishe mpaka likizo ya darasa la tatu.

Fanya hivi:

a) Bibi azungumze kilugha chake chote, na masimulizi na matani yake yote, kwa ufasaha wake.

b) Mama au baba azungumze lugha inayomtoka bila kuitafuta.

c) Msibadilishe lugha kwa ajili ya wageni au majirani.

Na nyie mnaomzungumzisha mchanga Kiingereza cha amri tatu, njoo, kaa, acha, kwa sababu atasoma shule ya Kiingereza: mnampa chakula cha kuonja tu. Shule itamfundisha. Nyinyi mpeni lugha mnayoweza kuitumia kuchekea, kusimulia na kubishana.

Hatua ya 4: Mweke mbele ya uso wako

Kumbeba mgongoni ni kuzuri: anasikia sauti yako kwa karibu, anaona watu, anashiriki safari ya kisimani na ya sokoni. Ila akiwa mgongoni haoni mdomo wako. Kwa hiyo mara kadhaa kwa siku, wakati wa kumwogesha, kumbadilisha nepi au kumnyonyesha, mweke mbele yako, uso kwa uso, umbali wa kama mkono mmoja au pungufu.

Zungumza polepole, vuta irabu, pandisha sauti kidogo. Karibu kila bibi hufanya hivyo bila kufundishwa, na wachanga hupenda kusikiliza usemi wa namna hiyo kuliko ule wa watu wazima wanapozungumza wenyewe kwa wenyewe. Akina baba huona haya. Baba, funga mlango kama unaona haya, lakini zungumza.

Maneno ya kitoto kama "nyonyo" na kusimama "dede" hayana ubaya wowote. Ubaya ni kumharibia makusudi matamshi ya maneno mengine yote kwa kuwa unaona inapendeza.

Hatua ya 5: Sema, kisha nyamaza

Mazungumzo ni zamu. Ukimaliza kusema, nyamaza, mtazame, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Akitoa sauti yoyote, hata kuguna, ihesabu kuwa ni jibu, nawe ujibu papo hapo. Kwa mfano wakati wa kuoga:

— Haya, maji yako haya. Ya moto?
— Aguu.
— Ehee, ya uvuguvugu. Tuoshe mguu?
— (anarusha mguu)
— Huo mguu! Na mwingine uko wapi?

Kinachofanya kazi ni ule upapo-hapo. Katika utafiti wa Michael Goldstein na wenzake, wa mwaka 2003, kundi moja la akina mama liliambiwa litabasamu, lisogee na kumgusa mtoto mara tu anapotoa sauti. Kundi jingine lilifanya mambo yaleyale lakini kwa wakati usiofuatana na sauti za mtoto. Watoto walikuwa na miezi kama 8. Wale waliojibiwa papo hapo walianza, ndani ya kikao hichohicho, kutoa sauti zinazokaribia zaidi silabi za watu wazima.

Kosa la kawaida hapa ni kuongea mfululizo kama mtangazaji wa mpira. Mtoto hapati upenyo wa kuingia. Kosa la pili ni kujibu ukiwa unatazama simu.

Hatua ya 6: Rudia neno, lakini badilisha sentensi

Usemi hauna nafasi kati ya neno na neno kama maandishi. Mtoto atajuaje kwamba "letemajiyabibi" ni maneno manne? Mwaka 1996 Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi zisizo na pumziko, kwa dakika 2 tu. Watoto wakatambua silabi zipi hufuatana daima na zipi zimekutana kwa bahati.

Tumia uwezo huo. Sema: "Maji haya. Unataka maji? Bibi, lete maji. Maji yamekwisha." Kila mara "ma" inafuatwa na "ji", wakati majirani wa neno wanabadilika. Vitenzi vyetu vinafaa sana kwa kazi hii: anakula, tunakula, umekula, njoo ule. Viambishi vinazunguka, mzizi anauokota mwenyewe.

Chagua maneno machache ya vitu anavyovigusa na kuviona kila siku: maji, uji, samaki, kuku, pua, mkono, mguu, bibi. Majina ya chakula na ya viungo vya mwili ni mwanzo mzuri. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, wa Elika Bergelson na Daniel Swingley, ulikuta watoto wa miezi 6 hadi 9 wakitazama picha sahihi yalipotajwa maneno ya aina hiyo, ingawa hawakuwa wanasema lolote.

Usimshike kidevu na kumwambia "sema maji, sema maji". Huo ni mtihani, na mtoto wa miezi 9 hajaja kufanya mtihani.

Hatua ya 7: Fuata macho yake, kisha kidole chake

Kuanzia miezi 9 hivi hadi mwaka, mtoto huanza kuonyesha kwa kidole. Hilo ni tukio kubwa kuliko watu wanavyodhani; anakuambia "tazama nami". Taja kile anachokitazama yeye, achana na kile ulichopanga kumfundisha. Akionyesha kuku, usimgeuze kwenye picha ya tembo. "Kuku! Kuku anadonoa. Ameondoka kuku." Mtaani Mikindani itakuwa mashua, Masasi itakuwa bodaboda, yote sawa.

Hatua ya 8: Zima skrini

Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwaleta watoto wa Kimarekani wa miezi 9 kwenye vikao 12 vya kucheza na kusomewa vitabu na wasemaji wa Kimandarini, yaani Kichina. Baadaye watoto hao walitambua tofauti za sauti za lugha hiyo. Kundi jingine lilipewa wasemaji walewale kwenye runinga, na jingine sauti zao zilizorekodiwa. Hayo hayakujifunza kitu. Lugha ilikuwa ileile. Kilichokosekana ni mtu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi kabisa muda wa kukaa mbele ya skrini kwa mtoto chini ya mwaka 1, wala kwa mwenye mwaka 1. Kuanzia miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Simu ya video na baba aliyeko Dar es Salaam mimi siipigi vita, kwa kuwa baba anajibu. Katuni haimjibu mtu.

Hatua ya 9: Panga msimu wa korosho

Oktoba hadi Desemba mama wengi hutoka alfajiri kuokota korosho, na mchanga anaachiwa bibi au kaka na dada zake. Usiache maagizo ya uji peke yake. Mwambie dada wa miaka 10 mambo mawili tu: mjibu akitoa sauti, na mtajie anachokitazama. Watoto hufanya hivyo vizuri kuliko watu wazima wengi. Ukirudi umechoka, dakika chache za Hatua ya 5 wakati wa kunyonyesha zinatosha.

Tumia siku za chanjo kama kipimo

Mnakwenda kliniki hata hivyo, basi jiulize mkiwa njiani:

- Wiki ya 6 hadi ya 14: anatulia akisikia sauti yako? Anakutazama usoni? Ameanza "aa" na "guu"?
- Miezi 9: anatoa silabi kama "ba-ba" au "ma-ma"? Anageuka akiitwa jina?
- Miezi 18: ana maneno machache yake mwenyewe? Anaonyesha kwa kidole? Anaelewa "lete kikombe" bila kuonyeshwa?

Watoto hutofautiana sana, lakini mambo haya yasisubiri: mwaka 1 umefika na hakuna silabi wala ishara kama kupunga mkono au kuonyesha, miezi 16 bila neno hata moja, miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili kama "mama njoo", na wakati wowote ule, mtoto aliyekuwa anafanya jambo kisha akaliacha.

Mambo yakikwama

*Ana miezi 10, hasemi neno.* Kama anatoa silabi na anageuka akiitwa, endelea na hatua zako. Bado ni mapema.

*Anachanganya Kimakonde na Kiswahili katika sentensi moja.* Na wewe unachanganya. Ukihesabu maneno yake, jumlisha ya lugha zote.

*Anasema "tutu" badala ya kuku.* Kawaida. Usimkosoe, mjibu kwa neno sahihi: "Ehee, kuku!"

*Wanasema wavulana huchelewa.* Tofauti ipo, ila ni ndogo. Isiwe sababu ya kukaa nyumbani na mtoto wa kiume aliyevuka umri niliotaja hapo juu.

*Wanataka akatwe kimeo.* Kataa, hata kama anayesema ni mkwe; omba radhi na ukatae. Kimeo hakihusiani na kuchelewa kusema, na kukikata kwa wembe kunaleta kuvuja damu na maambukizi. Utando chini ya ulimi nao usiguswe nyumbani. Ukiwa mfupi sana unaweza kumsumbua kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, lakini haumzuii kuelewa. Aangaliwe na daktari.

*Sikio linatoa usaha.* Usitie mafuta wala maji ya majani. Nenda zahanati siku hiyohiyo kama unaweza, maana usaha wa mara kwa mara hupunguza usikivu katika miezi hiihii anayoihitaji.

*Aliugua homa ya uti wa mgongo, au alipata manjano kali baada ya kuzaliwa.* Omba apimwe usikivu, hata kama anaonekana mzima.

Ukifika zahanati, usiseme "mtoto anachelewa" ukaishia hapo, utaambiwa usubiri. Sema umri wake, sema ulichokiona: "Ana miezi 13, hatoi silabi, na nikimwita kwa nyuma hageuki." Omba rufaa ya kupima masikio. Kwa Mtwara rufaa za mkoa huenda Ligula, kwa Lindi huenda Sokoine, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, Mtwara. Kwa wanaohitaji kifaa cha kupandikizwa sikioni, Muhimbili ilianza huduma hiyo mwaka 2017. Beba kadi ya kliniki, na kama bibi ndiye anayeshinda na mtoto, nenda naye. Maswali mengi ya daktari yeye ndiye mwenye majibu.